Taj Mahal: uingilie geti la Mashariki au la Magharibi? Ulinganisho kwa tunaotoka Arusha na Moshi

Watu wa huku kwetu wanaoenda India si wachache. Kuna anayempeleka mzazi hospitali Delhi, kuna aliyeenda kumsalimia mtoto anayesoma Noida, kuna wa vitambaa na kuna wa vipuri vya pikipiki, na karibu wote wakipata siku moja ya nafasi wanataka wakaione Taj Mahal kule Agra halafu warudi. Basi ikifika usiku wa kuamkia safari simu inaita, dereva anauliza tunashukia geti lipi, tumwambieje? Mimi nilisoma kule, ndugu na majirani wa Moshi na Arusha nimewapeleka Agra kwa nyakati tofauti, kwa hiyo naandika yote hapa kwa pamoja ili mtu asome kabla hajapanda ndege pale KIA, siyo asubiri mpaka amesimama parking ya Agra jua limeshawaka na kila mtu anamvuta huku na huku.

Jibu la haraka ni hili. Kama mnakuja na gari kutoka Delhi, au mna mgonjwa, mzee, mjamzito au mtoto mdogo, nendeni Mashariki. Kama unakuja na treni na unataka siku hiyo hiyo uone na ngome ya Agra, nenda Magharibi. Kusini usiifikirie kabisa kwa kuingilia. Ila jibu la haraka lina mambo yake ndani, na hayo mambo ndo yanayoharibu siku za watu.

Kwanza kabisa elewa mageti yenyewe yamekaaje. Taj ni kaburi, ilijengwa na mfalme Shah Jahan kwa ajili ya mke wake Mumtaz Mahal aliyefariki mwaka 1631 akijifungua, kazi ikaanza 1632, na eneo lote lilipangwa pande mbili zifanane kabisa, kila kitu cha kushoto kina mwenzake kulia. Mageti nayo ni hivo hivo. Mashariki na Magharibi ni kama pacha, yote mawili yanakumwaga kwenye uwanja mmoja mkubwa wa mbele, Jilaukhana wanauita, na ukishafika pale uwanjani unageukia kaskazini unalikuta lango kuu la mawe mekundu ambalo kila mtu lazima apite. Kwa hiyo hakuna geti lenye Taj nzuri zaidi. Hii siyo Marangu na Machame ambapo ukibadilisha geti umebadilisha njia, siku na mpaka mahali pa kulala. Hapa uingilie popote, picha utakayoiona ni ile ile moja. Tofauti iko kwenye yale ya kabla ya hapo: umetembea kiasi gani, umesimama foleni muda gani, umefika ukiwa na nguvu au umeshachoka.

Nasisitiza hilo kwa sababu madereva na watu wa kuongoza wageni wanapenda kumwambia mtu geti fulani ndo lina mandhari, lile lingine ni la watu wa kawaida. Sio kweli. Mara nyingi anakupeleka panapomfaa yeye kupaki, au anataka upite kwenye duka la marumaru la mtu wake.

Kusini nimalizane nako. Geti la Kusini linatazama mitaa ya Taj Ganj, kule kwenye gesti za bei ya chini na migahawa ya juu ya paa, na zamani watu wa gesti walikuwa wanatoka kitandani wanaingia moja kwa moja. Tangu 2018 pamefungwa kwa wanaoingia. Ukilala Taj Ganj bado ni sawa tu, kutoka pale unatembea kwa miguu kwenda Mashariki au Magharibi, ila usikubali mtu akuambie "pita hapa Kusini, hakuna foleni".

Sasa Mashariki, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo geti ninaloliamini kwa watu wetu.

Mashariki magari hayafiki getini. Yanaishia sehemu inaitwa Shilpgram, ambako kuna parking kubwa, dirisha la tiketi na mahali pa kuhifadhi mizigo, na kutoka hapo mpaka getini ni kama kilomita 1. Watu wengi wakisikia kilomita 1 wanaogopa wanakimbilia Magharibi, lakini hapo katikati kuna vigari vya umeme vinavyokwenda na kurudi, na kwa mgeni wa nje ya India usafiri huo umeshalipiwa ndani ya tiketi yako, hulipi tena. Sababu ya hivyo vigari ni moshi: magari ya petroli na dizeli hayaruhusiwi ndani ya mita 500 kuizunguka Taj kwa sababu moshi unaipaka marumaru rangi ya njano, na ndo shida hiyo hiyo iliyofanya Mahakama ya Juu ya India mwaka 1996 iamuru viwanda vya makaa ya mawe vya eneo lile vihamie kwenye gesi au viondoke. Sasa pale parking atakuja mtu atakwambia vigari leo havifanyi kazi, panda farasi wangu, au bajaji yake ya umeme. Usibishane naye wala usimkasirikie, tembea mpaka kwenye dirisha la tiketi uulize mwenyewe.

Nimepita hapo na mama mkubwa wangu, goti lake lilikuwa limetoka kufanyiwa operesheni na daktari alikuwa ameshamruhusu kutembea kidogo kidogo kwa fimbo. Kigari kimeinuka kutoka chini kama ngazi moja hivi, pembeni kina bomba la kushikia, siti zinatazama mbele na za nyuma zinatazama nyuma. Nikamwambia mama mkubwa shika hapa nikusukume, akanijibu niache mwanangu, nashika mwenyewe, akanipa fimbo, akakamata bomba kwa mikono miwili, akatanguliza mguu mzima halafu ule wa operesheni ukafuata. Dereva alisubiri mpaka akakaa vizuri ndo akaondoa. Tuliposhuka kulikuwa kumebaki mwendo mfupi tu, barabara tambarare, hakuna msongamano wa kusukumana, nyani wanapita juu ya kuta, na alifika kwenye ukaguzi hajahema. Hicho ndo ninachokitafuta kwa mgonjwa, afike pale mbele ya lango kuu akiwa na nguvu ya kuangalia alichokuja kuangalia, maana kazi yenyewe ya kutembea inaanza ndani: kutoka lango kuu mpaka kaburini kuna bustani ya kama mita 300, kwenda na kurudi, juani.

Halafu barabara. Anayekuja na gari kutoka Delhi siku hizi anapita Yamuna Expressway, ile barabara ya kilomita 165 iliyofunguliwa 2012 kutoka Greater Noida, na ikiisha anashika barabara ya mzunguko inayomtoa upande wa Fatehabad Road, ambao ndo upande wa Mashariki. Hana haja ya kuingia katikati ya mji. Mwambie dereva Shilpgram, neno moja tu, anapajua. Kama anataka kukupeleka Magharibi muulize kwa nini, maana ataukata mji mzima na foleni za Agra asubuhi hazina huruma.

Ubaya wa Mashariki ni alfajiri. Hoteli nyingi za wageni ziko upande huo wa Fatehabad Road, na kila mwenye hoteli anamwambia mgeni aamke akaone jua linachomoza, kwa hiyo geti linapofunguliwa unaweza ukakuta mstari mrefu tayari, Wazungu, Wajapani, Wakorea, kila mtu na kamera yake. Mstari unatembea lakini upo. Ikishafika saa 3 au saa 4 asubuhi hali inageuka, wale wa alfajiri wameshaingia, Mashariki panapumua, Magharibi ndo panaanza kujaa.

Magharibi ni mambo mengine. Dirisha la tiketi liko karibu na geti lenyewe, huko ndo faida yake kubwa, ukiwa na miguu mizuri unakata tiketi unaingia kwenye mstari hapo hapo, hakuna habari ya kusubiri kigari. Upande huo ndo upande wa mjini, ngome ya Agra haiko mbali, katikati kuna bustani kubwa ya Shah Jahan ambayo asubuhi ya baridi kijana anaweza akaipita kwa miguu kutoka ngomeni mpaka karibu na geti. Na ngome msiiache jamani. Shah Jahan alipinduliwa na mtoto wake Aurangzeb mwaka 1658 akafungiwa humo ndani mpaka akafa 1666, na kutoka kwenye vibaraza vya ngome unaiona Taj ng'ambo ya kona ya mto Yamuna kama alivyokuwa anaiona yeye kwa miaka 8. Mtu aliyeanza ngomeni halafu akaja Taj anaielewa Taj tofauti kabisa, na kwa mpango huo Magharibi ndo inafuata yenyewe.

Treni nayo inakuleta Magharibi. Gatimaan Express inaondoka Delhi kituo cha Hazrat Nizamuddin saa 2:10 asubuhi, saa 3:50 umeshashuka Agra Cantt, na jioni saa 11:50 inakurudisha. Kituo cha Cantt kiko kama kilomita 6 kutoka Taj, upande wa magharibi wa mji, pale nje kuna kibanda cha kulipia bajaji au teksi kwa bei iliyopangwa, lipia hapo uachane na kupatana na wanaokufuata. Ukiwaambia West Gate wanakufikisha chap. Kuna na treni ya mapema zaidi, Shatabdi inayotoka kituo cha New Delhi saa 12 asubuhi, hiyo inakupa masaa mawili zaidi Agra na kwa wakati wa joto masaa hayo mawili ni mengi mno.

Ila Magharibi kuna watu. Mabasi ya shule, mabasi ya harusi, familia nzima nzima kutoka miji mingine ya India, bibi, babu, wajukuu, na wikiendi au siku za sikukuu zao mstari unakunjwa mara mbili mara tatu. Mgeni mwenye tiketi ya nje ana mstari wake wa pembeni unaokwenda haraka, hiyo ni kweli kwa mageti yote mawili, lakini kuufikia huo mstari Magharibi inabidi upenye kwanza katikati ya umati, na kupenya na mtu mwenye fimbo au mtoto mgongoni ni shughuli. Wapiga picha, wauza vidoli vya marumaru, wanaojiita waongoza wageni, wote Magharibi wanakuwa wengi zaidi kwa sababu huko ndo kwenye watu. Mwongoza wageni halali ana kitambulisho shingoni, ukimtaka muombe akuonyeshe, mpatane bei kabla hamjapiga hatua.

Kuhusu hela hakuna cha kulinganisha, bei ni moja pande zote. Mtanzania analipa kama wageni wengine wa nje, rupia 1100, na ukitaka kupanda juu kwenye kaburi lenyewe unaongeza 200. Watoto chini ya miaka 15 hawalipi, ila beba pasipoti yake maana wataangalia. Hiyo 200 ifikirie vizuri kama una mzee: bila hiyo unaona bustani, mabwawa, na Taj nzima kwa nje, unachokosa ni kupanda ngazi za ule msingi mweupe na kuingia ndani palipo giza na watu wanasukumwa wasonge mbele, na ndani picha haziruhusiwi. Mama mkubwa hakupanda, alikaa kwenye benchi la bustanini na alisema kile alichokifuata amekiona. Mwenye afya apande, akaione kwa karibu ile marumaru ya Makrana na aone vile vijiwe vya rangi vilivyopachikwa kama maua, huwezi kuviona ukiwa chini. Ndani ya tiketi ya mgeni wanakupa pia chupa ya maji ya nusu lita na vifuniko vya viatu vya kuvaa ukipanda juu, vidai hapo hapo dirishani, usipovidai unaweza ukaondoka bila hivyo. Na tiketi ni ya masaa 3 tu, siyo ya kutwa.

Ukaguzi ni mkali na ni sawa Mashariki na Magharibi. Wanawake mstari wao, wanaume wao, kina mama wanakaguliwa na askari wa kike kwenye kibanda chenye pazia. Chakula hapana, sigara, tumbaku na kiberiti hapana, stendi ya kamera hapana, droni usithubutu hata kuibeba. Simu na kamera sawa. Biskuti za mtoto, karanga, yale makorokoro yote ya safari yanabaki nje, kwa hiyo mtoto ale kabla, na mgonjwa dawa zake za asubuhi amalize kabla hamjasogea getini.

Na hapo ndo linakuja jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko foleni: begi. Ukiacha begi kwenye makabati ya Shilpgram, wewe ni mtu wa Mashariki mpaka unaondoka. Ukiacha Magharibi, hivo hivo. Dereva naye yuko pale alipokushusha, hawezi kukuzungukia kirahisi. Watu wakitoka ndani wamechoka wanafuata umati tu, na kwa sababu lile geti la huku na lile la kule yanafanana kama nilivyosema, wanatokea upande usio wao na wanagundua wakishakuwa nje, na ukishatoka tiketi imeisha, hurudi ndani kukatiza, unazunguka kwa nje na njia ni ndefu. Kwa hiyo kariri hivi: ukiwa unatoka kaburini kurudi, umeligeuzia kaburi mgongo, ukishapita lango kuu, kushoto kwako ni Mashariki, kulia ni Magharibi, mbele yako moja kwa moja ni Kusini. Kila mmoja kwenye kundi aambiwe hivyo kabla hamjatawanyika, na mpangane kabisa kwamba akipotea mtu tunakutana chini ya lango kuu upande wa uwanjani. Simu za kwetu huko hazina salio la kupigiana hovyo.

Kuhusu lango kuu naomba mtu asilipite mbio. Aliyeingilia Mashariki atalikuta mkono wa kulia, wa Magharibi mkono wa kushoto, na kabla hujaingia chini yake simama uangalie maandishi ya Kiarabu yanayouzunguka upinde, ni marumaru nyeusi imechongwa ikapachikwa ndani ya nyeupe. Ni Surat al-Fajr ya Kurani. Walioisoma madrasa wataanza kuifuatisha kwa macho toka chini kulia, inapanda, inapita juu, inashuka kushoto. Angalia herufi za chini na za juu kabisa: zinaonekana zina ukubwa mmoja, na sababu ni kwamba mwandishi wake, Amanat Khan, za juu alizikuza kusudi ili jicho la mtu aliyesimama chini lizione sawasawa. Nimewapitisha hapo watu waliokuwa na haraka ya kwenda kupiga selfi, nikawaomba dakika mbili tu, na wengine ndo picha wanayoionyesha mpaka leo. Halafu ukiingia chini ya lango Taj inakuwa imejaa kwenye upinde wote kama imekusogelea, ukipiga hatua kwenda mbele inaonekana inarudi nyuma, inakuwa ndogo. Nenda taratibu, rudi hatua mbili, nenda tena. Wenye haraka watakupita pembeni, waache.

Metro nayo inabidi niiseme kwa sababu majina yake yanachanganya. Agra ilifungua metro Machi 2024 na kuna kituo kinaitwa Taj East Gate na kingine kinaitwa Taj Mahal. Mtu anaona East Gate anafikiri akishuka ameshafika getini, hapana, bado kuna mwendo wa kuchukua bajaji mpaka Shilpgram. Kituo cha Taj Mahal ndo kinachomfaa anayetaka Magharibi. Kwa anayelala upande wa ngome metro inasaidia, kwa aliyetoka Delhi na gari haina kazi.

Hali ya hewa inabadilisha jibu pia. Mei na Juni Agra inafika nyuzi 45, na joto lile siyo la Dar, ni kavu linachoma koo, wakati huo geti lolote lenye mstari mfupi saa hiyo ndo geti sahihi, na kama mko na mzee ni alfajiri tu, saa 4 muwe mmeshatoka. Geti linafunguliwa nusu saa kabla ya jua kuchomoza, na Juni jua linachomoza karibu saa 11 na nusu alfajiri, Januari linasogea mpaka saa 1 na kidogo. Lakini Desemba na Januari msiamke alfajiri kabisa. Kuna ukungu, na sisi tuliozoea ukungu wa asubuhi kupanda na kuondoka tunaudharau, ule wa kule unaweza kukaa mpaka saa 4, umesimama kwenye bwawa la katikati na Taj ya mita 73 iko mbele yako huioni hata kivuli. Treni nazo zinachelewa kwa ajili ya huo ukungu. Mwezi huo fika saa 4 au saa 5, Mashariki, utaikuta nyeupe imeng'aa na wale wa alfajiri wanatoka wamenuna.

Ijumaa Taj imefungwa. Naandika kwa msisitizo kwa sababu Gatimaan nayo Ijumaa haitembei na bado watu wanakodi gari wanakwenda. Pale ndani upande wa magharibi wa kaburi kuna msikiti, na Waislamu wa kwetu wengi wameniuliza kama wanaweza kuingia kuswali Ijumaa. Swala ya Ijumaa ni kwa wakazi wa Agra peke yao, kesi ilifika mpaka Mahakama ya Juu mwaka 2018 na ikabaki hivyo, kwa hiyo ndugu zangu pangeni siku nyingine. Na kuna siku 3 za mwezi wa Rajab wa kalenda ya Kiislamu, za kumbukumbu ya Shah Jahan, ambapo kuingia ni bure na vyumba vya chini vyenye makaburi ya kweli vinafunguliwa. Kwa mgonjwa siku hizo hapana kabisa, watu ni wengi kupita maelezo na faida zote za Mashariki zinapotea.

Wakati mwingine kundi moja lina watu wa aina mbili, na hapa watu huwa wanagombana hotelini. Vijana wanataka ngome kwanza halafu waingilie Magharibi, wazee wanataka Taj tu warudi wakapumzike. Maoni yangu ni kwamba msigawanyike mageti. Ingieni wote Mashariki asubuhi, tokeni wote Mashariki, mzee apelekwe akale na kulala kidogo Fatehabad Road, vijana wachukue bajaji waende ngomeni mchana, ni kama robo saa hadi nusu saa kutegemea foleni. Ngome inafaa hata mchana kwa sababu ina vyumba na vivuli, Taj mchana ni marumaru tupu inakurudishia jua usoni. Mwanafunzi aliye peke yake na begi dogo, yeye treni, Magharibi, ngome, na jua likianza kushuka achukue bajaji avuke mto aende Mehtab Bagh, bustani iliyo ng'ambo kabisa nyuma ya Taj. Hiyo siyo geti la Taj, ina tiketi yake, lakini ndo mahali ambapo utaiona Taj bila kichwa cha mtu mbele yako, na gharama yake ni ndogo.

Kuna wakati mmoja tu ambao huchagui geti, umeshachaguliwa, nao ni usiku wa mwezi mpevu. Kila mwezi kuna usiku 5, ule wa mwezi mpevu wenyewe, miwili kabla na miwili baada, isipokuwa ukiangukia Ijumaa, na Ramadhani hawafungui. Wanaingizwa watu 50 kwa kundi, nusu saa kila kundi, mnakusanyikia Shilpgram na kuingilia Mashariki, hamfiki kaburini, mnaitazama mkiwa upande wa lango kuu. Tiketi inakatwa siku moja kabla, kwa hiyo lazima ulale Agra. Kama safari yako ya Delhi tarehe zake zinaweza kusogea kidogo, angalia kalenda ya mwezi kabla hujakata tiketi ya ndege, na mzee mnayesafiri naye mbebeeni sweta, usiku wa Novemba mpaka Februari Agra ina baridi kama ya Machame juu na pale hakuna kukaa wala pa kujikinga.